Tarakimu ya Mwisho Juu ya Mlango

Sikuwa na cheti cha shule yoyote ya mchana. Sikuwa na miwani yangu mwenyewe, ila ile niliyoachiwa na marehemu shemeji, ambayo mkono wake mmoja nilikuwa nimeufunga kwa waya. Sikuwa na ngazi. Ya kwangu ililiwa na mchwa mwaka niliostaafu uashi. Sikuwa na mtu wangu katika ofisi za halmashauri, isipokuwa mpwa wangu, karani wa masjala, na huyo wiki ile nilikuwa simwamini hata kidogo. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa nacho utotoni na mji mzima ulidhani nilikuwa nacho. Hicho nitakitaja mahali pake.

Nilichokuwa nacho ni kamusi. Niliipata mwaka niliomaliza kisomo cha jioni, jalada likachanika, nikalishona kwa uzi wa gunia. Ndiyo iliyonipa jina. Watu wa mji wetu wakiniona na miwani ya waya hawasemi "Fundi" tena, wanasema "Kamusi anapita." Huniletea barua zao za maombi nizinyooshe, na mimi huzinyoosha, kisha huwaeleza walipokosea, hata kama hawakuuliza.

Mji wenyewe ni mdogo. Ukisimama kwenye ngazi za mahakama ya zamani unaumaliza kwa macho: barabara moja iliyonyooka kama imepigwa uzi, maduka yenye veranda upande wa kulia, posta na ofisi za halmashauri upande wa kushoto, na mwisho kabisa stesheni ya reli yenye paa la mabati mekundu. Wakoloni waliupanga ili hakimu akitoka mlangoni amwone kila anayeshuka kwenye treni. Treni haiji tena. Hakimu naye alihamia jengo jipya zamani. Lakini mahakama ya zamani haikubaki bure. Katika ukumbi wa hukumu, miaka thelathini na saba sasa, wanafundishwa watu wazima kusoma na kuandika. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Madawati hayakutosha, kwa hiyo nilijifunza herufi nikiwa nimekaa kizimbani, na mwalimu akasimama mahali pa hakimu. Leo mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kisomo na funguo za ukumbi ninazo mimi.

Basi ndiyo mnaelewa kwa nini sikulala vizuri niliposikia halmashauri inataka kulibomoa jengo hilo, kiwanja apewe mfanyabiashara wa mabati ajenge ghala.

Jumatatu alikuja afisa wa mambo ya kale, mama wa makamo mwenye futi ya kamba na daftari la jalada gumu. Nilimkuta anapima unene wa ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaupimia kuutunza au kuuvunja?"

Akacheka. "Mimi napima tu. Sheria ndiyo itakayoamua. Jengo likitimiza miaka mia, linaandikwa kwenye orodha na hakuna wa kuligusa. Lisipotimiza, ni mali ya halmashauri, wanafanya watakavyo."

Mwaka huo ulikuwa 2007. Sote wawili tukainua macho juu ya mlango, ambapo zipo tarakimu nne zilizotokeza ukutani kama nundu, kila moja shubiri mbili kwenda juu: 1909. Napita chini yake kila siku, lakini sikumbuki lini niliinua macho kuisoma.

"Miaka tisini na minane," alisema. "Inauma, mzee wangu. Miwili tu."

Nikamwambia haiwezekani. Si kwa ubishi, kwa ufundi. Nilimshika mkono nikamzungusha jengo zima. Nikamwonyesha matao ya mawe juu ya madirisha, na boriti za mti juu ya milango, na sakafu ya chokaa. "Tafuta chuma humu," nikamwambia. "Tafuta saruji. Huipati hata ya kuziba tundu la panya. Sasa twende stesheni." Stesheni imeandikwa 1908, na juu ya kila mlango wake kuna kipande cha reli kilichozibwa kwa saruji. Posta vivyo hivyo. "Treni ilipofika ilileta chuma na saruji, na tangu siku hiyo hakuna mwashi aliyejisumbua kuchonga tao. Mahakama hii ilijengwa kabla ya reli. Mtu kaichezea hiyo tarehe."

Alinitazama kwa namna mpya. "Ulisomea wapi, mzee?"

"Darasa la nne utotoni," nikasema, "halafu nikajiendeleza jioni." Jibu lile nilikuwa nalo tayari mdomoni, nimelitumia miaka mingi.

"Hoja yako ni nzuri. Lakini wakubwa zangu wanasoma maandishi, hawasomi matofali. Nitafutie mchoro wa zamani, au maelezo ya mtu anayejua kwa uhakika, yameandikwa na kutiwa saini mbele ya shahidi. Yakinifikia kabla ya tarehe thelathini nitapata kibali cha kubandua lipu tuone chini yake. Bila hayo siruhusiwi hata kuikwaruza kwa ukucha. Wala wewe."

Siku kumi na mbili. Nikaenda masjala moja kwa moja.

Mpwa wangu alikuwa kwenye simu. Aliponiona akaikata bila kuaga, jambo ambalo mtu mwenye mazungumzo ya halali halifanyi.

"Mjomba, karibu. Mbona mbiombio?"

"Nataka jalada la ukarabati wa mahakama, mwaka 1956, babu yako alipoipiga lipu."

Akalitoa haraka mno. Lilikuwa jalada kweli, gamba tupu. Ndani hamkuwa na karatasi hata moja, ila kutu ya pini.

"Yaliyomo yako wapi?"

"Hata mimi nauliza hivyo hivyo."

"Unauliza nani? Wewe ndiye mwenye chumba."

"Mjomba, hiki chumba kimeona makarani kumi na mmoja kabla yangu. Wengine walikuwa wanafungia karanga humu."

Sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu nyuma ya mlango: ngazi ndefu ya mbao, na vidato vyake vimejaa unga mweupe wa chokaa. Nikauliza ngazi ya nini. Akasema ya kufikia rafu za juu. Rafu ya juu kabisa ilikuwa sawa na kimo chake akinyoosha mkono. Nikaaga.

Jumanne nikamwona kwenye mkahawa ulio mkabala na posta, amekaa meza moja na mfanyabiashara wa mabati. Walikuwa wameinamiana kama watu wanaochagua shati la wizi. Jumatano tena. Alhamisi mpwa wangu alinunua viatu vipya.

Niliunganisha mambo kama mtu anavyopanga tofali. Jalada tupu. Simu iliyokatwa. Ngazi yenye chokaa. Chai. Viatu. Ijumaa nikafungua kamusi, nikaandika barua ya kurasa tatu kwa afisa wa mambo ya kale. Nilitumia maneno ambayo sikuwa nimepata nafasi ya kuyatumia kwa muda mrefu: njama, ghiliba, kughushi. Nikamtaja mtoto wa dada yangu kwa cheo chake na kusema kwamba ameng'oa tarakimu ya kweli akabandika ya uongo.

Nilimsomea mke wangu kwa sauti akiwa anakunja nguo.

"Imekaa vizuri," alisema. "Sasa, umepanda ukaona?"

"Kuona nini?"

"Hiyo tarakimu ya juzi. Wewe si fundi? Chokaa ya juzi na ya zamani huzijui?"

"Ushahidi wote ninao."

"Unao wa viatu." Akaweka shuka juu ya rundo. "Mtoto wa dada yako, baba. Uliyembeba mgongoni. Ukishaituma hiyo, hutairudisha kwa kamusi."

Jumapili mchana, ofisi zimefungwa, tukaenda wawili. Mlinzi wa halmashauri alituazima ngazi bila maswali, nami nikaliona hilo pia kuwa la kutia shaka. Miaka sabini na minne si umri wa kupanda ngazi, lakini kama fundi nilijua pa kuweka mguu. Mke wangu alishikilia chini.

"Ukianguka," alisema, "nianguke nawe au nikwepe?"

"Kwepa. Kuna mtu lazima abaki kupeleka barua."

Nilifika. Nikaifuta miwani. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni rangi ya kiungo, ule mstari mwembamba kati ya tarakimu na ukuta. Mtu wa juzi angetumia saruji, ya kijivu. Nilichoona kilikuwa chekundu hafifu. Chokaa iliyochanganywa na vumbi la tofali, iliyochekechwa kwa kitambaa. Katika mji huu mtu mmoja tu alichanganya hivyo, na alikuwa baba yangu. Kiungo kilikuwa kizima kwenye tarakimu zote nne. Hakuna aliyekigusa kwa miaka hamsini na mmoja.

Nilibaki pale juu, mikono imeshika ukingo wa tarakimu ya kwanza. Hapo kidole gumba changu kikazama.

Kulikuwa na kishimo juu ya ukingo, mahali ambapo mtu aliye chini hawezi kupaona. Rangi za miaka mingi zilikuwa zimekilainisha, lakini kilikuwepo, na kidole kilikaa ndani yake kama yai katika kikombe. Nikapapasa juu ya tisa. Kipo. Juu ya sifuri. Kipo. Juu ya tarakimu ya mwisho, nikapapasa kushoto, kulia, katikati. Hakuna. Nikashuka vidato viwili, nikapitisha mkono chini yake.

Kilikuwa huko. Chini.

"Vipi?" mke wangu aliuliza. "Kaichezea?"

Nilikuwa nimeshakumbuka.

Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilimpa baba kazi ya kupiga lipu upya uso wa mahakama. Tarehe ya asili ilikuwa imechongwa kwenye jiwe lenyewe juu ya mlango, imelika, ina kuvu. Baba aliinakili kwa mkaa juu ya ubao, akalifunika jiwe kwa lipu ya kwanza, halafu homa na mgongo vikamlaza. Akiwa kitandani alimimina tarakimu nne katika kalibu za mti, akanipa nikazipachike. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina mke, najiona fundi kamili. Na sikujua kusoma.

Ndicho kitu nilichosema nitakitaja. Sikuwahi kukaa darasa la nne, wala la kwanza. Hadi nilipoingia kizimbani kujifunza herufi nilikuwa mtu wa kutia kidole kwenye wino.

Baba alilijua hilo, kwa hiyo alibonyeza gumba lake kwenye kichwa cha kila tarakimu kabla haijakauka. "Penye kidole ndipo juu," aliniambia. "Usitazame kingine." Maelezo ya kutosha kwa mtoto. Lakini kalibu ya tisa na ya sita ni moja. Ukiigeuza unapata mwenzake, na fundi mwenye akili hatengenezi mbili. Nikiwa jukwaani nilizipanga zile tarakimu ubaoni, nikaona mbili zimefanana kama mapacha, ila kwenye moja kidole kimewekwa kichwani na kwenye nyingine kimewekwa miguuni. Nikasema, mzee ana homa, kakosea. Nikazisimamisha zote mbili namna moja, zikapendeza. Nilimsahihisha baba yangu.

Alipopona alikuja kuona. Alisimama chini kwa muda mrefu. Akauliza, "Nani kapachika?" Nikasema kwa kifua mbele, "Mimi." Akasema, "Haya," akageuka akaenda nyumbani. Yule bwana mkubwa aliyeagiza kazi alikuwa amehamishwa, aliyekuja baada yake hakuwa na cha kulinganisha. Miaka yote hiyo nilidhani lile "haya" lilikuwa sifa.

Sijui nilikaa juu ya ngazi kwa muda gani. Nilichosikia ni sauti ya mpwa wangu barabarani.

"Shangazi! Huyo mjomba anafanya nini huko juu? Mnataka nizike mtu?"

"Anakutafuta wewe," mke wangu akamjibu.

Nilishuka pole pole. Mpwa wangu alikuwa na viatu vyake vipya, amevaa shati la kutokea. Akanishika kiwiko nilipofika chini, na mimi, kwa mazoea ya wiki nzima, nikamuuliza:

"Ngazi ya masjala ina chokaa. Kwa nini?"

"Ina chokaa kwa sababu imeegemea ukuta. Kuta za mle zinatoa unga, mjomba. Tazama mgongo wa mashati yangu yote."

"Simu uliyokata?"

Akatazama viatu.

"Na chai na yule wa mabati?"

"Sema tu," mke wangu alimwambia. "Ukimficha atakuandikia kurasa nyingine tatu."

"Namchumbia binti yake," alisema. "Nilijua ukisikia ni mtoto wa anayetaka kiwanja cha kisomo, utanitoa kwenye ukoo. Nilikuwa nangoja lipite. Hilo jalada nimelitafuta mwezi mzima, mjomba, usiku na mchana, kwa ajili yako. Kurasa tatu za nini?"

Mke wangu akaanza kucheka, na mimi nilikaa kwenye ngazi za mahakama.

Nikawaeleza wote wawili, pale pale. Mke wangu hakushangaa. Alijua tangu siku ya ndoa, kwa kuwa wote wawili tulitia kidole. Mpwa wangu ndiye aliyeshangaa. Mimi ndiye niliyemfokea miaka yote ya shule kwamba mjomba wake alikuwa wa kwanza darasani katika darasa la nne.

"Hivyo hukufika?"

"Sikuanza."

Akakuna kichwa. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa: "Lakini barua si lazima iseme hayo. Afisa ataisoma mbele ya kikao cha madiwani, mji mzima utasikia. Andika kwamba babu ndiye aliyekosea. Alikuwa na homa. Marehemu hatabisha, na wewe utabaki Kamusi."

Nakiri niliifikiria. Niliifikiria tangu pale hadi nyumbani, ambako ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu wa umri wangu. Ilikuwa njia laini. Lakini wakibandua ile lipu watalikuta jiwe, na kabla ya kulikuta jiwe watakikuta kidole, kiko chini ya tarakimu kikionyesha palipopaswa kuwa juu. Mzee alisema kweli kwa gumba lake na mimi nilimgeuza miguu juu kichwa chini mbele ya mji kwa miaka hamsini na mmoja. Sikutaka kumgeuza mara ya pili, safari hii nikiwa najua kusoma.

Jioni ile nilizichana kurasa tatu. Nikaandika moja. Kamusi ilikuwa mezani lakini sikuifungua.

Niliandika kwamba mwaka 1956 mimi ndiye niliyepachika tarakimu za mahakama ya zamani. Kwamba wakati huo sikujua kusoma wala kuandika, na kwamba habari za darasa la nne, nilizomwambia afisa kwa mdomo wangu, hazikuwa kweli. Kwamba baba yangu, mwashi, alimimina sita na kuitia alama, nami nikaipindua kuwa tisa kwa kudhani najua kuliko yeye. Kwamba kidole chake kipo chini ya ukingo wa tarakimu ya mwisho, na nyuma yake, chini ya lipu mbili, lipo jiwe lililochongwa mwaka wa kweli, 1906. "Abandueni hapo," niliandika, kisha nikaona nimekosea, nikafuta, nikaandika, "Bandueni hapo."

Mpwa wangu alikuja Jumatatu asubuhi kutia saini ya shahidi. Aliisoma amesimama. Alipofika katikati alisita, akanitazama juu ya karatasi, akaendelea.

"Mjomba," alisema, "hii ndiyo barua ya kwanza yako nimeielewa yote bila kuuliza."

"Tia saini, uache maneno."

Akatia. "Na baba mkwe atasemaje?"

"Mwambie ajenge ghala karibu na stesheni. Kule chuma kipo tayari."

Tukaenda posta pamoja, mimi, yeye na mke wangu, tukiwa tumevaa kama watu wanaokwenda kusikiliza hukumu. Nililamba gundi ya bahasha, nikaikunja, nikaibonyeza kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, nikabonyeza tena katikati kwa nguvu. Karani wa posta akagonga mhuri wa tarehe. Nilisoma ile tarehe kupitia miwani ya waya, nikahakikisha kila tarakimu imesimama inavyopaswa, ndipo nikaitumbukiza barua kwenye tundu la sanduku, nikaisikia ikianguka.